Mwanafunzi Asiye na Mtangulizi: Malezi Yake Mikononi mwa Mwalimu Aliye wa Kwanza Kusoma Kwao

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia kazi moja ya mwalimu ambayo haimo katika andalio la somo wala katika ratiba ya vipindi, nayo ni kumwongoza mwanafunzi ambaye nyumbani kwao hakuna aliyemtangulia katika masomo. Tumeichagua mada hii kwa sababu wengi wa wanachuo wasomao jarida hili ni watu wa namna hiyo hiyo. Ndio wa kwanza katika nyumba zao kuvuka kidato cha nne, na ndio wa kwanza kulala katika bweni la chuo. Nasi tunaowafundisha, wengi wetu tulitoka huko huko. Aghalabu hali hii husemwa siku ya mahafali kama sifa ya kupigiwa vigelegele, kisha husahauliwa. Sisi twaiona kuwa ni ujuzi wa kazi, nao hauna budi kufundishwa jinsi ya kutumiwa kama ujuzi mwingine wowote.

Ili maelezo yetu yapate pa kusimama, tutayaweka Itumba, makao makuu ya Wilaya ya Ileje katika Mkoa wa Songwe, mkoa uliotengwa na Mbeya mwaka 2016. Mwanachuo atakayepangiwa mazoezi ya kufundisha huko huiacha barabara kuu ya Tanzania na Zambia pale Mpemba, karibu na Tunduma, akafuata barabara ya kilomita 50 hivi iendayo Isongole mpakani. Mto Songwe ndio mpaka wa Malawi, na Walambya wako kando zote mbili za mto. Jamaa za mtoto wa Itumba huenda wakawa Chitipa, ng'ambo, ambako shule zina mtaala mwingine. Mtoto huyo husikia Kilambya au Kindali kwa bibi yake, Kiswahili akakikuta shuleni, na akifika sekondari hukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Nyumbani kuna mahindi, maharage na kahawa vinavyongoja mikono. Na chini huko kuna Tunduma, mji wa malori na biashara ya mpakani, ambao kila mwaka huwaita vijana waliomaliza darasa la saba: wavulana kwenye mizigo na pikipiki, wasichana kwenye kazi za ndani.

Mtu asidhani kwamba wazazi wa mtoto huyu hawakusoma kabisa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliweka lengo la kila mtoto kupata elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977, na wazazi na babu wengi wa leo ni matunda ya juhudi hizo. Wanasoma Kiswahili vizuri, wanahesabu magunia na bei bila kalamu. Wasichokuwa nacho ni habari za njia inayoanzia pale walipoishia wao. Hapo ndipo tunapotofautiana na wale wanaosema kwamba tatizo la watoto hawa ni wazazi kutothamini elimu. Tumewaona wazazi wengi wanaoithamini sana elimu na ambao, hata hivyo, hawajui barua iliyo mezani inataka nini.

Kinachokosekana ni nini hasa?

Tuwachukue watoto wawili waliofaulu sawasawa mtihani wa darasa la saba. Wa kwanza ana dada yake kidato cha tatu. Jioni moja, wakipukuchua mahindi, dada humwambia kwamba wiki za mwanzo kila mtu haelewi Kiingereza, kwamba asiache kuuliza, kwamba sare ya pili si lazima siku ya kwanza, na kwamba mwalimu fulani ni mkali wa sauti tu. Wa pili hana wa kumwambia hayo. Akikuta haelewi somo la kwanza, huamini kwamba yeye peke yake ndiye haelewi. Akitumwa nyumbani kwa kukosa kitu kimoja, huamini kwamba amefukuzwa shule. Akili zao ni sawa; wa kwanza alipewa habari za njia mapema, wa pili anazipata kwa kuumia.

Wahenga walisema kwamba asiyejua maana haambiwi maana. Kwa mwalimu methali hiyo haifai hata kidogo, maana asiyejua maana ndiye hasa anayepaswa kuambiwa. Mtoto asiye na mtangulizi haulizi, kwa kuwa hajui kwamba lipo jambo la kuuliza. Mwalimu anayengoja maswali yake atangoja hadi mtoto ametoweka darasani.

Hata wakubwa wa nchi yetu walihitaji mtu wa kuwafungulia mlango. Julius Nyerere alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na umri wa miaka 12. Masimulizi ya maisha yake husema kwamba mtemi jirani, Makongoro wa Ikizu, alipouona wepesi wa akili wa kijana huyo katika mchezo wa bao, ndiye aliyemshauri Mtemi Burito ampeleke mwanawe shule. Toka hapo alikwenda Tabora mwaka 1937, Makerere mwaka 1943, na Edinburgh mwaka 1949, ambako alipata shahada mwaka 1952. Alipokuwa mwalimu Tabora, Padri Richard Walsh alimhimiza aendelee na masomo ya juu. Msomaji ataweza kusema kwamba huyu alikuwa mtoto wa mtemi, si mtoto wa mkulima wa kawaida. Ni kweli, na ndiyo sababu tumemtaja. Utemi wa baba ulimpa heshima nyumbani, lakini haukumpa habari za shule. Habari hizo zilitoka kwa watu wa nje ya nyumba, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja akimvusha kipande chake cha njia. Mwalimu wa shule ya msingi anaombwa avushe kipande kimoja tu, na avushe vizuri.

Mwalimu na historia yake mwenyewe

Mwanachuo aliye wa kwanza kusoma kwao ana faida ambayo mwenzake aliyelelewa na wazazi walimu hana: anakumbuka mambo ambayo hakuna aliyemwambia. Lakini yako matumizi mabaya ya historia hiyo, nayo yameenea. Mwalimu husimama mbele ya darasa akasema, "Mimi nilitembea pekupeku, sikuwa na taa, na leo mnaniona. Nanyi mkijitahidi mtafika." Maneno hayo hupendeza masikioni, na mara moja moja humwamsha mtoto. Shida yake ni kwamba huacha nje ya hadithi watu wote waliosaidia, na kumwachia mtoto anayeshindwa mzigo wa kuamini kwamba hakujitahidi. Mtoto anayechuma kahawa tangu alfajiri kabla ya kuja shule hakosi juhudi.

Tunashauri historia isimuliwe kwa namna nyingine. Mwalimu aseme nani alimlipia nauli, nani alimsomea barua, ni mwalimu gani alikwenda kuzungumza na baba yake, alikaa kwa nani alipofika mjini. Masimulizi ya namna hiyo humfundisha mtoto kutazama alipo na kujiuliza ni nani kati ya watu anaowajua angeweza kufanya vivyo hivyo. Tena asifiche kwamba aliye wa kwanza hubeba nyumba nzima. Mwanachuo mwenyewe anajua jinsi simu za kutoka nyumbani zinavyoongezeka tangu aitwe mwalimu, hata kabla hajapata mshahara wa kwanza. Wanafunzi wa darasa la sita na la saba wanaweza kuambiwa jambo hilo bila kutishwa, nao wataelewa kwa nini nyumba inawatazama kwa tumaini na kwa wasiwasi pamoja.

Na mwalimu atamjuaje mtoto huyu? Si kwa kuuliza mbele ya darasa, "Nani wazazi wake hawakufika sekondari?" Swali hilo ni fedheha, hata likiulizwa kwa nia njema. Atazame nani huja kikao cha wazazi na nani haji kamwe. Atazame ripoti ya muhula: huenda saini ya mzazi imeandikwa kwa mwandiko wa mtoto mwenyewe. Asikilize jibu la mtoto akiulizwa angependa kazi gani. Atajayo kazi mbili tu, ualimu na uuguzi, mara nyingi hajakosa ndoto, bali hizo ndizo kazi za msomi alizoziona kwa macho.

Jambo dogo la jina

Hapa tungependa kukaa kidogo, kwa sababu ni jambo ambalo wanachuo hulidharau. Mtoto wa Itumba huweza kuwa na jina la ukoo, jina la ubatizo, na jina la babu anayeitwa nyumbani. Siku ya kuandikishwa darasa la kwanza huletwa na shangazi au bibi, mwalimu akaandika alivyosikia. Herufi r ikawa l, jina la kati likaachwa, tarehe ya kuzaliwa ikakisiwa kwa msimu wa mavuno. Daftari likafungwa. Tangu hapo jina hilo huingia katika kumbukumbu za wanafunzi za Baraza la Mitihani, likapewa namba, likachapwa katika matokeo ya darasa la nne na la saba, likamfuata sekondari.

Miaka kumi na zaidi baadaye kijana huyo amefaulu kwenda chuo kikuu. Nyumbani hakuna uwezo, hivyo anaomba mkopo kwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2004. Anatakiwa alete cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Kama baba au mama amefariki, atatakiwa alete na cheti cha kifo. Sasa jina la cheti si jina la shule. Aliye na mjomba ofisini husaidiwa kupata kiapo na marekebisho katika siku chache. Asiye na mtangulizi huanza kuzunguka na bahasha, nauli ikimwishia, na mwisho wa maombi ukikaribia.

Dawa ya jambo hili iko darasa la kwanza na haina gharama kubwa: mwalimu aulize majina yote matatu, aone cheti cha kuzaliwa kama kipo, amwelekeze mzazi jinsi ya kukipata kama hakipo, na amsomee mzazi kwa sauti kile alichokiandika kabla ya kufunga daftari. Katika darasa la nne, kabla ya usajili wa mtihani, alirudie zoezi hilo, na katika darasa la saba vilevile. Hatujui malezi gani mengine ambayo kwa dakika tano humwokolea mtoto miezi mizima ya taabu.

Fomu ya kujiunga nayo ni ndugu wa jambo hilo. Tangu Januari 2016 serikali imeondoa ada hadi kidato cha nne katika shule zake, na mwaka 2022 ikaongeza kidato cha tano na cha sita. Wazazi wengi wamesikia "elimu bila ada" wakaelewa kwamba hakuna gharama yoyote. Inapofika fomu yenye orodha ya sare, madaftari, viatu, godoro kwa shule za bweni na vinginevyo, huona kama wamedanganywa, au huamini kwamba pasipo vyote hivyo mtoto hapokelewi. Mwalimu aliyewahi kuipokea fomu kama hiyo akiwa peke yake anajua la kufanya. Akae na mzazi, achukue kalamu, aulize shule inayohusika ni vitu gani mtoto hawezi kuingia bila navyo, aviwekee alama, vingine vipangiwe mwezi wa kununuliwa baada ya mavuno. Fomu hiyo hiyo iliyokuwa tishio huwa orodha ya manunuzi.

Mlango wa nyumbani

Kazi hii haimaliziki shuleni. Siku moja mwalimu atapaswa kwenda nyumbani, nasi twamshauri asingoje siku ya mashtaka. Aende jioni watu wakisha kurudi shambani, na asiende katika pilikapilika za mavuno. Ajifunze salamu za watu wa pale, hata kama ametoka mkoa wa mbali. Akikaribishwa kigoda akalie kigoda, akipewa ndizi za kuchemsha ale. Kama wazee hawastarehe katika Kiswahili, amwombe mwalimu mwenzake au jirani awe mkalimani. Asimfanye mtoto kuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe. Mtoto huyo atatafsiri sifa zake kwa haya na makosa yake kwa woga, na wazee watakuwa wamesikia habari nusu.

Baada ya salamu na habari za mashamba litakuja swali, na mara nyingi atakayeliuliza ni bibi, wala si baba: "Mwalimu, huyu akisoma atatukumbuka?" Swali hili ndilo kiini cha mambo yote. Nyumba haiogopi elimu. Inaogopa kupoteza mikono na kupoteza mtu. Wameona wa jirani aliyesoma akahamia mjini, asirudi hata msibani. Mwalimu asijibu kwa ahadi ambazo hana mamlaka nazo, kama vile kwamba mtoto atapata kazi kubwa na kuwajengea nyumba ya bati. Kazi siku hizi hazipatikani kwa urahisi, na wazee wanajua. Yeye aliye wa kwanza kwao anaweza kujibu kwa kweli zaidi: aseme yeye mwenyewe hurudi kwao mara ngapi, huwasaidia nini, na kipi hakiwezi. Jibu la namna hiyo ni dogo, lakini wazee huliamini.

Kisha wazungumze kazi. Iwapo msichana wa darasa la sita hukosa shule siku mbili kila wiki, mwalimu aulize ni siku zipi na kazi gani, kabla ya kuhubiri juu ya haki za mtoto. Yamkini anamlea mdogo wake wakati mama yuko gulioni. Pakijulikana hivyo, huweza kupatikana shangazi wa kumshika mtoto siku moja, na siku ya pili mwalimu akampa msichana kazi ya kufanya nyumbani. Mahudhurio hayatakuwa kamili, lakini bado ni bora kuliko jina lililokatwa kwa wino mwekundu. Na kama msichana alikatiza masomo kwa sababu ya uzazi, familia ielezwe kwamba tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu arejee shuleni. Wapo ambao bado hawajalisikia hilo.

Tunalazimika kusema neno moja kwa ukali. Malezi si faragha. Mwalimu wa kiume asikutane na mwanafunzi wa kike chumbani kwake wala darasani baada ya wote kuondoka. Wakutane barazani, mbele ya macho ya watu, na ikiwezekana pamoja na mwalimu wa kike. Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya mwaka 2016, inaweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba mwanafunzi. Msichana asiye na mtangulizi ndiye aliye rahisi zaidi kudanganywa na mtu anayejua njia, kwa kuwa hana wa kumwuliza kama aambiwayo ni kweli. Anayeujua udhaifu huo kwa kuwa aliwahi kuwa nao, kisha akautumia, anafanya ubaya wa aina yake.

Waliofanya kabla yetu

Kazi hii si ngeni nchini. Wakati wa elimu ya msingi kwa wote, vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu wakafunzwa ualimu huko huko vijijini, wakifundisha sehemu ya siku na kujifunza sehemu nyingine, kwa masomo ya posta, redio na wakufunzi waliowatembelea. Watu wamewacheka sana walimu hao kwa upungufu wa elimu yao, na upungufu ulikuwapo. Lakini walikuwa na kitu ambacho hakikupimwa katika mitihani: walizijua nyumba za wanafunzi wao, na wanafunzi waliwaona kuwa ni watu wa kwao. Katika miaka ya karibuni shirika la CAMFED, lililoanza kazi Tanzania mwaka 2005, limewatumia wasichana waliomaliza sekondari kwa msaada kurudi katika shule za kwao kama viongozi wa wanafunzi. Msichana akikosa shule, kiongozi huyo huenda nyumbani kuuliza. Tunaloliona la thamani katika mfano huo ni umbali mfupi: mlezi yu hatua chache tu mbele ya anayelelewa, hivyo bado anakumbuka mashimo ya njia.

Umbali huo mfupi ndio alio nao mwanachuo. Hata hivyo, mazoezi ya kufundisha ni ya majuma machache, naye ataondoka Itumba. Kwa hiyo asiwachukue watoto kumi; awachukue wawili au watatu. Asiahidi kulipa chochote. Kila alichokijua kuhusu mtoto, yaani majina yake kamili, nani huamua mambo nyumbani, siku gani hukosa na kwa nini, fomu gani inangojewa, akiandike katika daftari moja na kumkabidhi mwalimu wa darasa, mbele ya mtoto mwenyewe, ili ajue amekabidhiwa kwa nani. Siri za nyumba asiziandike humo.

Kazi ya vikundi

1. Andikeni mambo matano ambayo hakuna aliyewaambia kabla ya kuingia kidato cha kwanza. Ni yapi kati ya hayo yanaweza kufundishwa katika darasa la saba, na katika kipindi kipi?

2. Mzazi mwenye watoto watatu anasema anaweza kusomesha mmoja tu sekondari, naye amemchagua wa kiume ingawa dada yake amefaulu zaidi. Mmekaribishwa kwake jioni. Mtaanza na neno gani, na neno gani hamtalisema siku hiyo?

3. Chukueni daftari la uandikishaji la shule mliyopangiwa, kwa idhini ya mwalimu mkuu, mkalinganishe majina ya wanafunzi wa darasa la nne na vyeti vyao vya kuzaliwa. Leteni idadi ya tofauti mlizozikuta, bila kutaja majina ya watoto.